Sumu Inayomruka Mzazi: Madai Saba ya Watetezi wa DDT na Majibu Yake

Kila masika yanapoanza na mbu kuzidi, kuna hoja inayoibuka upya vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp: kwa nini hatuirudishi DDT? Anayeileta mara nyingi ana ujumbe mrefu uliokwisha kupita mikono mingi. Ujumbe huo unasema dawa ile haikuwa na ubaya wowote, habari za ndege kutaga mayai yanayopasuka zilitungwa na mwandishi mmoja wa Kimarekani, na Waafrika wanaendelea kuzikwa kwa sababu Wazungu waliwahurumia tai kuliko watoto wetu.

Hoja hii ina mvuto, na ndani yake mna chembe za ukweli, kwa hiyo kuipuuza hakusaidii. DDT ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1874, lakini uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa mwaka 1939 na Paul Müller, mkemia wa Uswisi. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1948, na aliistahili, maana dawa hiyo iliokoa watu wengi wasiuawe na homa ya chawa na malaria. Mwaka 1962 Rachel Carson, mwanabiolojia wa Marekani, alitoa kitabu chake Silent Spring kilichoonya kuhusu dawa hiyo, na tangu hapo ugomvi haujaisha.

Nimeyachagua madai saba yanayorudiwa mara nyingi zaidi. Mengi kati yake yana kosa moja: yanamkagua mzazi na kumkuta mzima, kisha yanatangaza kwamba hakuna sumu. DDT haikupata sifa mbaya kwa kuua wazazi. Ilipata sifa hiyo kwa kuwanyima watoto.

Dai la 1: “Kuna profesa aliila kwa kijiko na hakufa”

Ni kweli. J. Gordon Edwards, mtaalamu wa wadudu aliyefundisha chuo kikuu San Jose, California, alikuwa na desturi ya kulamba kijiko cha DDT mbele ya wasikilizaji wake. Alifariki mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, na mauti yalimkuta akipanda mlima.

Alichothibitisha ni kwamba kiasi hicho hakimuui mtu mzima papo hapo, jambo ambalo hakuna mwanasayansi aliyelibishia. DDT ikiwa ungaunga haipenyi ngozi ya binadamu kwa urahisi, ndiyo maana wakati wa Vita Kuu ya Pili askari na raia walinyunyiziwa ndani ya nguo ili kuua chawa, wakarudi makwao salama.

Shida huanza baadaye. Mwili huigeuza DDT kuwa kemikali nyingine iitwayo DDE, na hiyo haitoki kirahisi. Haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo haiondoki na mkojo; hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Mdudu mmoja wa majini ana kiasi kidogo sana. Samaki mdogo akila wadudu elfu, DDE ya wote hubaki kwake. Samaki mkubwa akila wadogo, naye hurithi yote. Ndege anayevua samaki hao hufikia kiwango kinachozidi cha kwenye maji kwa maelfu ya mara.

Kisha unafika msimu wa kuzaliana. Kiini cha yai hutengenezwa kwa mafuta yanayotoka mwilini mwa mama, na maziwa ya mnyama anyonyeshaye vivyo hivyo. Mafuta yanapohama, DDE huhama nayo. Mama anapunguza mzigo wake kwa kuuhamishia kwa mtoto. Profesa Edwards, pamoja na ujasiri wake wote, hakuwa anataga, hakubeba mimba wala hakunyonyesha. Kijiko chake kilijibu swali ambalo halikuwa limeulizwa.

Dai la 2: “Maabara zilipima, na maganda ya mayai hayakuwa membamba”

Dai hili lina uzito kuliko yote, na wanaolitoa mara nyingi wamesoma. Wanataja mambo mawili. La kwanza ni majaribio ya James DeWitt ya miaka ya 1950, ambapo kware na fezanti walilishwa chakula chenye DDT. Carson aliandika kwamba ni mayai machache tu ya kware hao yaliyoanguliwa. Ukifungua takwimu za DeWitt, yalianguliwa karibu 80 katika kila 100, dhidi ya karibu 84 kwa kware wasiopewa dawa. La pili ni jaribio la mwaka 1969 ambapo kware wa Kijapani walilishwa DDT na maganda yakapungua unene, lakini ikaja kujulikana kwamba chakula chao kilikuwa na kalsiamu kidogo mno. Jaribio liliporudiwa kwa kalsiamu ya kutosha, maganda yalikuwa sawa.

Yote mawili ni ya kweli. Kuhusu kuanguliwa, Carson aliteleza. Hata hivyo mtetezi wa DDT husimama hapo hapo, bila kusoma mstari unaofuata kwenye takwimu zile zile: vifaranga wa wazazi waliolishwa DDT walikufa kwa wingi kuliko wenzao. Yai liliangua, uzao haukudumu.

Kubwa zaidi, kware, fezanti na kuku wote ni wa ukoo mmoja, na ukoo huo una ustahimilivu wa pekee dhidi ya DDE. Kuku anaweza kulishwa nyingi na ganda likabaki gumu. Kumtumia kuku kuthibitisha kwamba kozi au mwari wako salama ni kuuliza habari za Pemba kwa mtu wa Kigoma.

Watafiti walipowageukia ndege wa koo nyingine, mambo yalibadilika. Mwaka 1969 bata wa mwituni waliolishwa DDE huko Marekani walitaga mayai yenye maganda membamba, mengi yakapata nyufa, na vifaranga wakapungua sana. Katika miaka ya 1970 vipanga wadogo waliofugwa walipewa DDE kwa viwango mbalimbali, na kadiri dozi ilivyopanda ndivyo ganda lilivyopungua. Mayai ya vipanga wa porini yalipopimwa, uhusiano kati ya kiasi cha DDE na unene wa ganda ulilingana na ule wa maabara. Hapo hakuna tena nafasi ya kusingizia lishe.

Sababu ya tofauti hiyo nayo imechunguzwa. Ganda hujengwa katika sehemu ya mwisho ya njia ya uzazi, ambamo kalsiamu kutoka kwenye damu huvushwa na kuwekwa tabaka juu ya tabaka kwa saa nyingi. Kazi hiyo husimamiwa na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Katika bata, DDE huzuia utengenezaji wake, na kalsiamu ikapungua kuvuka. Katika kuku haizuii. Kwa hiyo maabara zilipima kweli, na zilichogundua ni kwamba sumu hii huchagua.

Dai la 3: “Maganda yalianza kupungua kabla DDT haijakuwepo”

Hapa panahitaji kisa chenyewe. Kuelekea mwaka 1960, wafugaji wa njiwa wa mashindano nchini Uingereza waliilalamikia serikali kwamba kozi wamekuwa wengi mno na wanawamaliza njiwa wao, wakataka ulinzi wa kisheria uondolewe. Kabla ya kuamua, wataalamu wa ndege walipewa kazi ya kuhesabu, na Derek Ratcliffe ndiye aliyeiongoza. Matokeo ya mwaka 1961 na 1962 yaliwashangaza wote: kozi hawakuwa wengi, walikuwa wanatoweka, na majabali waliyotagia miaka yote yalikuwa matupu.

Ratcliffe alikumbuka kwamba tangu mapema miaka ya 1950 alikuwa akikuta mayai yaliyovunjika viotani, mengine yakiliwa na wazazi wenyewe. Akajiuliza kama maganda yamebadilika. Lakini utapimaje unene wa ganda la mwaka 1905? Jibu lilikuwa kwenye makabati ya wakusanya mayai, watu waliokuwa na ile tabia ya zamani ya kuiba mayai viotani, kuyatoboa tundu dogo, kuyapuliza ute na kuyahifadhi pamoja na karatasi ya tarehe na mahali. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuyavunja, alipima uzito wa kila ganda, akaugawa kwa zao la urefu na upana wake. Ganda jepesi kwa ukubwa ule ule ndilo jembamba.

Kwa karibu nusu karne mstari ulikwenda sawa. Ghafla, kuanzia mwaka 1947 hivi, ukaanguka, na kwa kozi upungufu ukawa karibu asilimia 19. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1967. Mwaka uliofuata Joseph Hickey na Daniel Anderson wa Marekani walipima maganda 1,729 na kukuta jambo lile lile kwa ndege wawindaji wa kwao: upungufu wa asilimia 19 au zaidi, ulioanza mwaka 1947. DDT ilikuwa imeanza kuuzwa kwa raia mwaka 1945.

Wanaosema ganda lilipungua mapema hawajabuni. Mwaka 1998 Rhys Green alionyesha kwamba maganda ya baadhi ya ndege waimbaji wa Uingereza yamekuwa yakipungua polepole tangu karne ya 19, huenda kwa sababu ya moshi wa viwanda kutia asidi kwenye udongo na kupunguza konokono wanaowapa kalsiamu. Lakini huo ni mteremko wa taratibu wa miaka mia na zaidi, kwa ndege wa aina nyingine, wanaokula vyakula vingine. Kwa kozi ni poromoko la miaka miwili mitatu, katika mabara mawili kwa wakati mmoja. Sababu ya jambo la kwanza haiwezi kuazimwa ikaeleza la pili.

Dai la 4: “Tai walimalizwa kwa bunduki, na hesabu za ndege ziliongezeka”

Tai wa kichwa cheupe, yule wa nembo ya Marekani, walipigwa risasi kwa miongo mingi, na sheria ya kuwalinda ilipitishwa mwaka 1940 kwa sababu hiyo. Kama bunduki ndiyo ingekuwa sababu pekee, basi baada ya sheria wangeongezeka. Kilichotokea ni kinyume chake.

Charles Broley alikuwa meneja wa benki mjini Winnipeg, Kanada. Alipostaafu alihamia pwani ya Florida na kujitwisha kazi ngumu kwa mtu wa umri wake: kupanda miti mirefu yenye viota vya tai na kuwavisha makinda pete za miguuni. Kati ya mwaka 1939 na 1949 aliwavisha zaidi ya makinda 1,000. Kuanzia mwaka 1947 viota vilianza kukosa makinda ingawa wazazi walikuwepo, vingine vikiwa na mayai yasiyoangua. Mwaka 1958 alizunguka zaidi ya kilomita 160 za pwani kabla ya kupata kinda mmoja.

Hiyo ndiyo alama ya sumu ya uzazi, na bunduki haiachi alama kama hiyo. Risasi humwondoa mzazi. Hapa wazazi wapo, wamekaa juu ya mayai, na mtoto hatokei. Ndiyo maana hesabu za jumla hudanganya. Tai huishi miaka zaidi ya 20, kwa hiyo waliokwisha kukomaa wanaweza kuonekana angani muda mrefu baada ya uzao kukatika. Pale Hawk Mountain, Pennsylvania, ambako ndege wawindaji wanaopita huhesabiwa kila mwaka, swali la maana halikuwa wamepita wangapi, lilikuwa wangapi ni wachanga. Katika miaka ya 1935 hadi 1939 karibu asilimia 40 ya tai waliopita walikuwa wa mwaka wa kwanza. Katika miaka ya 1955 hadi 1959 walibaki asilimia 20. Zile hesabu za ndege zinazofanywa kila Krismasi Marekani, ambazo watetezi huzinukuu, ziliongezeka pia kwa sababu wahesabuji waliongezeka.

Mfano ulio wazi kuliko wote uko kisiwa cha Anacapa, kando ya California. Kiwanda cha DDT karibu na Los Angeles kilikuwa kikimwaga taka zake kwenye mabomba ya maji machafu yanayoishia baharini. Dagaa wa eneo hilo walizila, na mwari wa kahawia wakawala dagaa. Mwari haatamii kwa kifua kama kuku. Huyafunika mayai kwa nyayo zake pana na kusimama juu yake. Ganda likipungua, ndege mwenye kilo tatu na ushei huyakanyaga mayai yake mwenyewe. Mwaka 1970, katika viota 552 kisiwani hapo, alipona kifaranga mmoja. Hakuna mwindaji aliyevamia Anacapa. Taka zilipozuiwa na DDT kupigwa marufuku, mwari walirudi, na mwaka 2009 waliondolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Tai nao, waliobaki jozi 417 mwaka 1963 katika majimbo 48 ya Marekani bara, walifikia jozi 9,789 walipoondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2007. Ulinzi wa viota na urejeshaji wa makinda ulichangia, lakini usingefaa kitu kama mayai yangeendelea kupasuka.

Dai la 5: “Hata kama ni kweli, hao ni ndege tu”

Yai la ndege lilitusaidia kuona kwa sababu tatizo lake linaonekana kwa macho. Kwa wanyama wengine DDT hufanya kazi yake ndani zaidi.

Mwaka 1980 kiwanda cha dawa za wadudu kilichokuwa karibu na ziwa Apopka, Florida, kilimwaga dawa iliyokuwa na DDT ndani yake. Katika miaka iliyofuata mamba wachanga aina ya aligeta ziwani humo walipungua kwa karibu asilimia 90. Louis Guillette na wenzake walipowachunguza waliobaki, walikuta madume wenye uume mdogo kuliko kawaida na homoni ya kiume iliyopungua, na majike wenye homoni ya kike iliyozidi. Kwa kuwatazama tu, mamba hao walikuwa wenye afya.

Kabla ya uchunguzi huo, mwaka 1981, watafiti wawili wa California walikuwa wamechoma sindano ya DDT ndani ya mayai ya shakwe, kwa kiasi kinachofanana na kilichokuwa kikikutwa porini. Viinitete vya kiume viliota tishu za ovari. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba DDE huziba vipokezi ambavyo homoni ya kiume hupaswa kujishika ili ifanye kazi. Vipokezi hivyo tunavyo sisi pia.

Kwa binadamu ushahidi ni wa aina nyingine, maana hakuna anayeruhusiwa kuwalisha wajawazito sumu ili aone. Hufuatiliwa walioipata bila kutaka. Limpopo, Afrika Kusini, ni eneo ambalo nyumba zimepuliziwa DDT kwa miaka mingi kupambana na malaria. Watafiti wakiongozwa na Riana Bornman waliwapima wavulana 3,310 waliozaliwa kati ya mwaka 2004 na 2006. Waliozaliwa na mama kutoka vijiji vilivyopuliziwa walikuwa na uwezekano wa asilimia 33 zaidi wa kuzaliwa na kasoro za viungo vya uzazi na mkojo. California nako damu ya wajawazito ilihifadhiwa tangu mwisho wa miaka ya 1950. Binti zao walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 50 na zaidi, ilionekana mwaka 2015 kwamba wale ambao mama zao walikuwa na DDT nyingi zaidi wakati wa mimba walipata saratani ya matiti kwa karibu mara nne ya wenzao. Mwaka 2021 dalili zilionekana hata kwa wajukuu: unene uliozidi na kuvunja ungo mapema. Utafiti wa namna hii huonyesha uhusiano, na si hukumu ya kila mmoja. Lakini uhusiano huo unaelekea kule kule walikoelekea shakwe na mamba.

Dai la 6: “Marufuku ya 1972 ndiyo iliyoturudishia malaria”

Wengine huanza na jaji. Ni kweli kwamba Aprili 1972 Edmund Sweeney, aliyesikiliza mashahidi kwa niaba ya mamlaka ya mazingira ya Marekani, alipendekeza DDT isizuiwe. Kazi yake ilikuwa kupendekeza. Uamuzi ulikuwa wa mkuu wa mamlaka, William Ruckelshaus, naye aliizuia mwezi Juni, na mahakama ya rufaa ikamuunga mkono mwaka 1973.

La maana ni kile alichozuia. Alizuia DDT mashambani ndani ya Marekani. Matumizi ya afya ya umma hayakuguswa, na viwanda viliruhusiwa kuendelea kuiuza nje. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kutumika 2004 na ambao Tanzania na Kenya ziliuridhia mwaka huo huo, nao unaruhusu DDT kwa ajili ya kudhibiti mbu. Carson mwenyewe hakudai ipigwe marufuku kote. Alionya kwamba ikimwagwa hovyo wadudu watazoea na dawa itakosa nguvu.

Sasa tazama tarehe za kwetu. Zanzibar iliingia kwenye mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza malaria mwishoni mwa miaka ya 1950. Nyumba zilipuliziwa Unguja na Pemba, na malaria ikashuka sana. Mpango ulikoma mwaka 1968, miaka minne kabla ya Ruckelshaus kutia saini, na malaria ikarudi. DDT iliporejeshwa visiwani miaka ya 1980, mbu walikuwa wameizoea. Kizazi cha mbu wa Zanzibar waliokusanywa wakati huo kimetumika katika maabara za kimataifa kujifunza namna mbu anavyoishinda DDT. Kilichokuja kuishusha malaria visiwani, tangu mwaka 2003, ni dawa mseto, vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa viuatilifu vingine. Bara, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, haikuwahi hata kuingizwa kikamilifu katika mpango ule wa dunia, ambao ulifungwa mwaka 1969.

Sri Lanka inasimulia vivyo hivyo. Mwaka 1963 ilikuwa na wagonjwa 17 tu. Upuliziaji ukasitishwa kwa sababu kazi ilionekana imekwisha, na kufikia 1968 na 1969 ukazuka mlipuko wa mamia ya maelfu. DDT ilirudishwa, mbu wakawa sugu, ikabidi dawa nyingine itumike. Nchi hiyo ilithibitishwa kuwa haina malaria mwaka 2016.

Ipo hoja moja ya upande wa pili ambayo ni lazima ipewe haki yake. Mwaka 1996 Afrika Kusini iliacha DDT na kuchukua dawa nyingine. Mbu sugu kwa dawa hiyo mpya walivamia KwaZulu-Natal, na mwaka 2000 nchi ilipata wagonjwa zaidi ya 64,000. DDT ikarudishwa, na wagonjwa wakapungua. Mahali ambapo mbu bado hawajaizoea, dawa hii huokoa maisha, na anayelikana hilo amepotoka sawa na anayekana habari za mwari. Lakini kisa hicho kinatetea ukuta wa ndani ya nyumba. Hakitetei shamba la pamba, ambako ndiko mbu wengi walikojifunzia usugu.

Dai la 7: “WHO imeiruhusu, basi ni salama”

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kuunga mkono upuliziaji wa dawa ukoko majumbani, DDT ikiwemo. Ruhusa hiyo ina maana kwamba pale malaria inapoua na dawa nyingine zimeshindwa, hasara ya kutopulizia huzidi hasara ya kupulizia. Cheti cha usalama hakimo ndani yake.

Kinachotoka ukutani hakiishii ukutani. Kuku wa kienyeji hudonoa vumbi na wadudu waliokufa uwanjani. Huko Limpopo mayai ya kuku wa nyumba zilizopuliziwa yalikutwa na DDT nyingi, na kama tulivyoona, kuku ndiye ndege ambaye ganda lake halimsaliti. Yai ni gumu, jeupe, linavutia, na aliyepangiwa kulila ni mjamzito au mtoto. Kaskazini mwa Uganda, mwaka 2008, upuliziaji katika wilaya za Apac na Oyam ulifikishwa mahakamani na ukasitishwa baada ya wahusika wa pamba ya kilimo hai kulalamika kwamba mazao yao yatakataliwa na wanunuzi.

Na bado sijataja maghala. Shamba la Vikuge, Kibaha, lililokuwa likizalisha majani makavu ya kulishia mifugo, lilipokea mwaka 1986 shehena ya viuatilifu kama msaada kutoka Ugiriki, sehemu yake ikiwa imekwisha muda. Vilihifadhiwa kwenye banda la wazi, banda likaja kuanguka, na DDT ikaingia ardhini. Hakukuwa na mbu aliyeuawa wala mgonjwa aliyeokolewa pale. Palibaki udongo wenye sumu, majani juu yake, ng'ombe wa kuyala, na maziwa.

Kwa hiyo anayetaka DDT irudi ana mambo ya kueleza kabla hajasikilizwa. Aonyeshe kwamba mbu wa eneo lake bado wanauawa nayo. Aonyeshe itapuliziwa ndani tu, na nani, na masalia yatakwenda wapi. Na anapoleta ushahidi kwamba haina madhara, aulizwe alimpima nani: mzazi aliyeila, au kizazi kilichofuata? Swali hilo hilo liulizwe kwa kila kiuatilifu kipya kinachoingia dukani leo kikiwa na maandishi ya “salama kwa binadamu na mifugo”. Kama majaribio yake yaliishia kwa wanyama wazima, na hakuna aliyesubiri wazae na watoto wao wazae, basi kazi ya kupima bado haijafanyika.